Mwongozo Kamili wa Kutembelea Makumbusho, Makasri na Ngome za Kroatia kwa Safari za Siku Moja

Kroatia ni nchi ndogo kwa eneo, lakini historia yake imelundikana tabaka juu ya tabaka. Wagiriki walipima mashamba katika kisiwa cha Hvar karne ya 4 kabla ya Kristo, Warumi wakajenga miji na viwanja vya mapigano, Wavenisi wakazungushia bandari kuta za mawe, Waosmani wakateka ngome iliyo juu ya Split, na makabaila wa zama za Habsburg wakaacha makasri yao katika vilima vya kaskazini. Kwa kuwa sehemu nyingi kati ya hizi ziko umbali wa saa moja au mbili kutoka mji mkubwa, mgeni anaweza kulala mahali pamoja kwa siku kadhaa, akatoka kila asubuhi na mfuko mwepesi na kurudi jioni.

Safari ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho wake. Kwanza ijue saa ya basi au treni ya mwisho ya kurudi, kisha saa ambayo mahali unapokwenda hufungwa, kisha muda unaohitaji ukiwa ndani, na mwisho kabisa ndipo uamue saa ya kuamka. Anayepanga kinyume chake, akaanza na orodha ndefu ya vivutio, mara nyingi hujikuta akipita mbio katika vyumba ambavyo kila kimoja kilistahili nusu saa.

Hatua ya kwanza: Hakikisha hati zako na uielewe mipaka

Tangu Januari 1, 2023, Kroatia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na inatumia euro. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa katika ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, au katika kituo cha maombi kinachoiwakilisha. Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali cha ukaaji wanaweza kuingia Kroatia kwa matembezi mafupi bila viza nyingine, ilimradi wasizidishe siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Wabebe pasipoti pamoja na kibali, kwa sababu kibali peke yake hakitoshi.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi hadi wafike mpakani ni kwamba majirani watatu wa Kroatia, yaani Bosnia na Herzegovina, Montenegro na Serbia, hawamo katika Schengen. Mawakala wa utalii wa Dubrovnik na Split huuza safari za siku moja kwenda Mostar au Kotor kana kwamba ni mtaa wa pili, na ni kweli miji hiyo ni mizuri, lakini mwenye viza ya kuingia mara moja tu akishavuka mpaka hana ruhusa ya kurudi mahali mabegi yake yalipo. Kama unakusudia kuvuka, omba tangu nyumbani viza ya kuingia mara nyingi, na uhakikishe pia masharti ya nchi unayokwenda.

Tahadhari hiyo inahusu hata safari ya ndani ya nchi. Pwani ya Kroatia imekatwa na kipande kidogo cha Bosnia katika mji wa Neum, na kwa miaka mingi kila aliyekwenda Dubrovnik kwa barabara ya pwani alilazimika kupita humo. Daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, limeondoa ulazima huo, ila baadhi ya mabasi bado hupitia Neum. Muulize mkata tiketi kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: Chagua mji wa kulala

Usihame hoteli kila usiku, kwa sababu kila kuhama hula nusu siku. Anayependa makasri, makumbusho ya vijijini na historia ya kale kabisa ya binadamu akae Zagreb, kwa kuwa vilima vya Zagorje viko kaskazini tu ya mji huo. Anayependa mambo ya Warumi na ngome za vita na Waosmani akae Split, ambako pia mabasi ya kwenda kila upande ni mengi. Pula ni kituo kizuri cha rasi ya Istria. Dubrovnik ni mji wa kuutazama wenyewe, lakini uko pembeni kabisa mwa nchi, hauna reli, na malazi yake wakati wa kiangazi ni ghali. Kwa mgeni wa mara ya kwanza mwenye wiki moja, ningemshauri agawe siku zake kati ya Zagreb na Split, na Dubrovnik aiache kwa safari nyingine kama hana muda wa kulala huko walau usiku mmoja.

Hatua ya tatu: Thibitisha kwamba mahali pamefunguliwa

Makumbusho mengi ya Kroatia hufungwa Jumatatu, na baadhi hufunga mapema Jumapili. Kati ya Novemba na Machi saa za kazi hupunguzwa, na maeneo kadhaa ya visiwani hufungwa kabisa. Sikukuu za taifa na za Kanisa, kama Agosti 5, Agosti 15, Novemba 1 na Krismasi, zina utaratibu wake. Kwa hiyo Jumatatu ipangie kitu kisicho na mlango, kama kutembea katika mji mkongwe.

Zagreb ina sababu yake ya ziada. Tetemeko la ardhi la Machi 22, 2020 liliharibu majengo mengi ya katikati ya mji, na Desemba 29 ya mwaka huohuo tetemeko kubwa zaidi likaupiga mji wa Petrinja, kusini mwa Zagreb. Makumbusho kadhaa yalifungwa ili yakarabatiwe, na ukarabati wa jengo la karne ya 19 haumaliziki kwa mwaka mmoja. Makumbusho ya Akiolojia ya Zagreb, kwa mfano, yana hazina ambayo mtu anaweza kuvuka bahari kwa ajili yake peke yake. Ni maiti iliyokaushwa ya mwanamke kutoka Misri, iliyonunuliwa Alexandria mwaka 1848, ambayo vitambaa vya kitani vilivyoizungushia viligundulika kuwa ni kitabu kilichochanwa vipande, chenye maandishi marefu kuliko yote yanayojulikana ya lugha ya Kietruski. Itakuwa hasara kubwa kufika mlangoni na kukuta jengo lina majukwaa ya mafundi. Angalia tovuti rasmi ya makumbusho husika siku moja au mbili kabla, na kama lugha inakutatiza, piga simu. Wafanyakazi wengi wa makumbusho huzungumza Kiingereza.

Anayeweza kusafiri Januari asikilizie Noć muzeja, usiku wa makumbusho, ambao kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwezi huo na makumbusho mengi nchini kote hufungua milango bure hadi usiku.

Hatua ya nne: Panga siku kuanzia basi la mwisho

Ratiba zote za Kroatia huandikwa kwa saa 24. Kwa sisi tuliozoea kuhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, 17:45 ni saa kumi na moja na dakika arobaini na tano jioni, na ni vyema kuiandika hivyo kwenye karatasi yako usiku uliotangulia, ili uchovu wa mchana usije ukakuchanganya. Tazama kwa makini alama ndogo zilizo pembeni mwa ratiba: mabasi mengi ya vijijini huenda siku za shule tu, na Jumapili na sikukuu hupungua sana.

Mabasi ndiyo usafiri mkuu. Kampuni ni nyingi, na tiketi ya kwenda na kurudi ya kampuni moja kwa kawaida haikubaliki katika basi la kampuni nyingine, kwa hiyo nunua ya kurudi pale tu unapokuwa na hakika na saa. Begi kubwa likiwekwa chini ya basi hulipiwa kidogo kando, na vituo vikubwa vya mabasi vina chumba cha kutunza mizigo chenye maandishi ya Garderoba. Treni ni za bei nafuu na hupita mahali pazuri, lakini ni za polepole.

Gari la kukodi lina faida katika Zagorje, ambako makasri yako juu ya vilima na mabasi ni machache. Kampuni za kukodisha zinaweza kudai leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani, kwa hiyo ichukue kabla ya kuondoka. Barabara kuu za kasi hulipiwa, na miji mikongwe haiingiliki kwa gari. Egesha nje ya kuta na utembee.

Ukishajua saa ya kurudi, rudi nyuma. Tuseme basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja jioni, na kutoka kwenye ngome hadi kituoni ni dakika ishirini kwa miguu. Basi ngome uitoke saa kumi na robo, ili dakika zinazobaki ziwe za choo, maji na kupotea njia. Kama unahitaji saa mbili ndani, uwe umeingia saa nane na robo, na chakula cha mchana ukile kabla. Kwa hesabu hiyo utaona wazi kwamba siku moja inabeba mahali pamoja pakubwa na pengine padogo pamoja, basi.

Hatua ya tano: Tiketi, fedha na mavazi

Kadi za benki hupokelewa karibu kila mahali mijini, lakini beba euro chache taslimu kwa ajili ya makumbusho ya vijijini, minara ya makanisa na maegesho. Punguzo kwa watoto, wanafunzi, wazee na familia ni la kawaida, na hutolewa kwa anayeonyesha kitambulisho. Uliza kila mara kama kuna tiketi ya pamoja. Mfano ulio bora ni Dubrovnik, ambako kiingilio cha kuta za mji peke yake kimefikia euro 40, ilhali kadi ya siku moja inayoitwa Dubrovnik Pass, ambayo bei yake hukaribiana na hiyo, inajumuisha kuta, makumbusho kadhaa na mabasi ya mjini. Mtu asiyejua hulipa kuta mlangoni, kisha akalipa upya katika kila jumba.

Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Mawe ya chokaa ya miji ya pwani yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanang'aa, na yakilowa huteleza kama sabuni. Beba chupa ya maji, kwa sababu maji ya bomba hunyweka na kiangazi joto hupita nyuzi 30 bila shida. Katika makanisa funika mabega na magoti, na usiingie kutazama sanamu wakati ibada inaendelea. Kwa ndugu Waislamu, Zagreb ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1987 na Rijeka ina mwingine uliofunguliwa mwaka 2013. Uislamu ulitambuliwa rasmi kisheria katika nchi hiyo tangu mwaka 1916.

Maneno machache ya vibao yatakuokolea muda: otvoreno ni pamefunguliwa, zatvoreno pamefungwa, ulaz mahali pa kuingilia, izlaz pa kutokea, radno vrijeme saa za kazi, kolodvor kituo, dvorac kasri, na tvrđava ngome.

Siku ya vilima vya Zagorje

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, na watalii wengi wa pwani hawaijui kabisa. Toka Zagreb asubuhi mapema kwa barabara kuu ya kaskazini hadi Krapina, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Asiye na gari anaweza kwenda kwa treni na kubadilisha Zabok, ila atalazimika kuridhika na Krapina peke yake.

Mwaka 1899 mwanajiolojia Dragutin Gorjanović-Kramberger alianza kuchimba katika pango la kilima cha Hušnjakovo, na kwa miaka michache akapata mamia ya vipande vya mifupa ya Waneanderthali, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka, walioishi hapo yapata miaka 130,000 iliyopita. Ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa zaidi ya aina yake duniani. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2010 yamejengwa kwenye korongo karibu na pango lenyewe, na yanakuongoza polepole kutoka mwanzo wa dunia hadi kwenye familia ya Waneanderthali iliyotengenezwa kwa ustadi, wakiwa na nywele, mikunjo ya ngozi na macho yanayokutazama. Simama hapo bila haraka. Mifupa halisi imehifadhiwa Zagreb, kwa hiyo unachokiona ni nakala, lakini mahali ni pale pale. Ukimaliza, panda njia ya mlimani hadi kwenye mwamba wenyewe. Wengi huishia kwenye duka la kumbukumbu na kuikosa sehemu hii. Kwa msomaji aliyewahi kusimama Olduvai, ziara ya Krapina inaendeleza simulizi ileile ya chimbuko la binadamu, katika ukurasa wa baadaye na katika nchi ya baridi.

Kutoka Krapina endelea magharibi hadi kasri la Veliki Tabor, karibu na Desinić. Kiini chake ni jengo la pembe tano lililozungukwa na minara minne ya nusu duara, na limesimama peke yake juu ya kilima kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Familia ya Rattkay iliishi hapa kwa vizazi vingi. Ndani ya kuta kunaonyeshwa fuvu linalohusishwa na Veronika wa Desinić, msichana asiye wa ukoo bora ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alipendwa na mwana wa kabaila wa Celje, na baba mtu akaamuru auawe na mwili wake ufichwe ukutani. Veronika alikuwa mtu halisi wa karne ya 15, ila habari za kifo chake zimechanganyika na hadithi, na fuvu lenyewe lichukuliwe kama sehemu ya simulizi hilo.

Ukibakiwa na saa mbili, malizia Kumrovec, kijiji kilichohifadhiwa pale pale kilipo kuwa makumbusho ya wazi, chenye nyumba za wakulima, karakana ya mhunzi, vyombo vya udongo na vitanda vya mbao. Katika mojawapo ya nyumba hizo alizaliwa Josip Broz Tito mwaka 1892. Vijana wengi wa leo hawalijui jina hilo, lakini lilikuwa likitajwa sana Afrika Mashariki: Tito, kiongozi wa iliyokuwa Yugoslavia, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na mwaka 1970 alizuru Tanzania na Kenya katika ziara yake ya Afrika. Nyumba ni ndogo na vyombo ni vya kawaida kabisa. Anayetaka kuona upande wa pili wa maisha ya kiongozi huyo aende Brijuni, visiwa vilivyo karibu na Pula, ambako alikuwa na makazi na ambako mwaka 1956 alikutana na Nehru wa India na Nasser wa Misri.

Makumbusho ya Krapina, Veliki Tabor na Kumrovec yako chini ya taasisi moja, Muzeji Hrvatskog zagorja, kwa hiyo saa zake unaweza kuziangalia mahali pamoja.

Siku ya Trakošćan na Varaždin

Trakošćan ndilo kasri linalopigwa picha kuliko yote nchini: kuta nyeupe, minara yenye meno, na ziwa mbele yake. Ufahamu hata hivyo kwamba sura hiyo ni ya karne ya 19, wakati familia ya Drašković, iliyolimiliki tangu karne ya 16, ilipolijenga upya kwa mtindo wa kuiga zama za kati na kutengeneza ziwa kwa mikono ya watu. Ubora wake uko ndani, kwa sababu samani, picha za ukoo, silaha na majiko ya vigae ni vya familia yenyewe na si vya kukusanywa kutoka kwingine. Tafuta kazi za Julijana Erdödy-Drašković, bibi wa kasri aliyekuwa mchoraji, mmoja wa wanawake wa mwanzo katika historia ya uchoraji wa Kroatia. Kuzunguka ziwa kwa miguu huchukua zaidi ya saa moja.

Varaždin uko mwendo mfupi kutoka hapo, ulikuwa makao ya serikali hadi moto wa mwaka 1776 ulipouteketeza, na ngome yake ya kale ndiyo makumbusho ya mji. Kwa wasio na gari, basi la Zagreb hadi Varaždin ni rahisi, lakini la kutoka Varaždin kwenda Trakošćan ni la nadra, hasa mwisho wa wiki. Anzia Trakošćan asubuhi na uache Varaždin kwa mchana, maana kutoka Varaždin utapata namna ya kurudi.

Siku ya Salona, Klis na Split

Wageni wengi huanza na Kasri la Diocletian, ambalo ndilo moyo wa mji mkongwe wa Split, kwa sababu wamelala ndani yake. Mimi nashauri uanze na Salona, magofu yaliyo kando ya mji wa Solin, mwendo mfupi kwa basi la mji kutoka Split, kwa sababu bila Salona kasri halieleweki. Salona ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Kirumi la Dalmatia, na Diocletian alizaliwa katika eneo hilo. Mwaka 305 alifanya jambo lisilo la kawaida kwa kaisari wa Roma: aling'atuka kwa hiari, akarudi pwani ya nyumbani na kuishi katika kasri alilojijengea. Katika utawala wake Wakristo waliteswa vikali, na askofu wa Salona, Domnius, aliuawa mwaka 304. Karne ya 7 Waavari na Waslavi walipouvunja mji huo, wakimbizi waliingia ndani ya kuta za kasri la kaisari na kufanya makazi. Kaburi la Diocletian likageuzwa kanisa kuu, na kanisa hilo likapewa jina la Domnius, askofu aliyeuawa katika utawala wake.

Fika Salona mlango unapofunguliwa, kwa kuwa hakuna kivuli cha kutosha. Anzia Tusculum, nyumba ya mwanaakiolojia Frane Bulić iliyojengwa kwa mawe ya kale, kisha teremka kwenye makaburi ya Manastirine, ufuate ukuta wa mji hadi mwisho wa magharibi ulipo uwanja wa mapigano. Saa mbili zinatosha.

Anayeweza, apande kutoka Solin hadi ngome ya Klis, iliyokaa juu ya mwamba katika pengo kati ya milima miwili. Petar Kružić na askari wake waliilinda dhidi ya Waosmani kwa zaidi ya miaka 20, hadi alipouawa na ngome ikaanguka mwaka 1537. Wavenisi waliichukua mwaka 1648. Jengo dogo lenye kuba ndani ya ngome lilijengwa na Waosmani kuwa msikiti, na baadaye likafanywa kanisa la Mtakatifu Vitus. Ukiwa juu utaona Split, bahari na visiwa kwa pamoja, na hapo utaelewa bila kuambiwa kwa nini kila dola ilipitaka.

Mchana rudi Split. Kasri ni mtaa unaoishi watu, hivyo njia zake ni bure. Hulipiwa vyumba vya chini ya ardhi, kanisa kuu, mnara wa kengele na mahali pa ubatizo, kwa tiketi za mchanganyiko mbalimbali. Vyumba vya chini ndivyo vya kwanza kwa umuhimu, kwa kuwa vilijengwa kwa ramani ileile ya makazi ya kaisari yaliyokuwa juu, na takataka zilizotupwa humo kwa karne nyingi ndizo zilizovihifadhi. Ukitoka kwenye uwanja wa nguzo, tafuta sanamu nyeusi ya sfinksi, kiumbe mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, karibu na kanisa. Ililetwa kutoka Misri na ina umri wa takriban miaka 3,500. Diocletian alipoiweka hapo, tayari ilikuwa ya kale kwake karibu kama yeye alivyo wa kale kwetu. Mwenzake aliye mbele ya hekalu la Jupiter hana kichwa.

Siku ya pili kutoka Split inaweza kwenda Trogir, mji wa kisiwani uliomo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1997, ambako lango la kanisa kuu lilichongwa na fundi Radovan mwaka 1240. Basi la mji namba 37 huenda huko likipitia uwanja wa ndege.

Siku ya Šibenik

Šibenik unafikika kwa basi kutoka Split au Zadar, na kanisa lake kuu la Mtakatifu Yakobo linastahili safari nzima. Lilijengwa kati ya mwaka 1431 na 1535 kwa mawe matupu. Hata paa lake ni mabamba makubwa ya mawe yaliyopachikwa moja katika jingine, bila matofali wala boriti za mbao. Kabla ya kuingia, zunguka nyuma ya kanisa. Fundi Juraj Dalmatinac aliweka hapo mstari wa nyuso za watu zaidi ya 70, na hakuna zinazofanana: mzee aliyechoka, kijana mwenye kilemba, mwanamke aliyesuka nywele, mtu anayeonekana kukasirika. Waelezaji wa mji husema ni wakazi wa Šibenik wa karne ya 15. Zitazame jua la upande linapoingia katika mikunjo ya mawe.

Baada ya hapo panda ngome ya Mtakatifu Mikaeli na ya Barone. Mawakala hupenda kuunganisha Šibenik na maporomoko ya mto Krka kwa siku moja, na matokeo yake ni dakika arobaini tu mjini. Yape maporomoko siku yake.

Dubrovnik na Pula kwa kifupi

Dubrovnik, tembea juu ya kuta zenye urefu wa mita 1,940 saa ya kufunguliwa au mwisho wa mchana, kamwe si adhuhuri, na ufuate mwelekeo mmoja uliowekwa. Kutoka juu linganisha vigae vya paa: vilivyofifia ni vya kale, na vyekundu vinavyong'aa vingi viliwekwa baada ya mji kupigwa mizinga mwaka 1991. Kisha ingia Jumba la Rekta, makao ya mkuu wa Dubrovnik ilipokuwa jamhuri, na duka la dawa la Wafransisko lililoanzishwa mwaka 1317. Inafaa kwa msomaji wa pwani yetu kujua kwamba Januari 1416 Baraza Kuu la jamhuri hii liliwakataza watu wake biashara ya watumwa.

Pula ina uwanja wa mapigano wa karne ya 1 ambao ukuta wake wa nje umebaki mzima duara lote. Unganisha na Brijuni kwa kupanda boti Fažana, na tiketi ya boti uiagize mapema wakati wa kiangazi.

Hatua ya mwisho: Mambo yakienda kombo

Ukikuta pamefungwa, usikae kulalamika getini. Uwe umeandika tangu usiku mahali pa pili katika mji huohuo pasipohitaji tiketi. Upepo mkali wa kaskazini mashariki, bura, unaweza kusimamisha boti na kufunga madaraja, hasa wakati wa baridi, kwa hiyo siku ya kwenda visiwani isiwe ile inayotangulia ndege ya kurudi nyumbani. Basi la mwisho likikupita katika mji mdogo, uliza kwanza katika ofisi ya utalii au hoteli iliyo karibu kabla ya kukodi teksi, kwa kuwa mara nyingi lipo basi la njia kuu linalosimama barabarani nje ya mji ambalo halimo katika ratiba ya kituo kidogo. Namba ya dharura nchini kote ni 112, na hupigwa bure hata kwa simu isiyo na salio.